Sista, Amesema Nini?

Nawasalimu mlioko jikoni mkisubiri chakula kiive, mlioko barabarani kwenye foleni, na kwa namna ya pekee nawasalimu nyinyi mliolazwa, mnaosikiliza redio ndogo iliyowekwa chini ya mto ili wa kitanda cha pili apate usingizi. Mazungumzo ya leo ni yenu hasa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimeifanya kazi hii miaka 34, mingi katika wodi za upasuaji na leba za hospitali za mikoani. Leo naomba tuzungumze jambo moja: nafasi ya muuguzi pale matibabu ya mgonjwa yanapoamuliwa. Nani anasema? Nani anasikilizwa? Na mgonjwa mwenyewe, sauti yake inapita wapi?

Nianze na raundi ya asubuhi. Kama umewahi kulazwa, unaijua. Ndugu wanatolewa nje, mashuka yananyooshwa, mafaili yanapangwa. Daktari bingwa anaingia, nyuma yake madaktari wanaojifunza, nyuma yao muuguzi na toroli la mafaili. Kila kitanda dakika mbili, tatu. Wanazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, kisha daktari anamgeukia mgonjwa na kumwambia sentensi moja ya Kiswahili. Mgonjwa anajibu, "Sawa, daktari." Msafara unahamia kitanda kinachofuata.

Hapo ndipo kazi ninayotaka kuieleza inapoanza. Msafara ukishafika kitanda cha tatu, yule wa kitanda cha kwanza ananivuta upindo wa gauni, ananong'ona: "Sista, amesema nini?"

Maneno matatu. Katika miaka 34 nimeyasikia kila siku ya kazi.

Wakati mmoja alilazwa kwetu mzee mkulima wa mpunga. Kisukari kilikuwa kimemharibu mguu wa kulia. Alijikwaa kwenye kisiki shambani, na kwa kuwa miguu ilishaingia ganzi, hakuhisi kidole kilivyopasuka. Hadi wanamleta hospitali, wayo mzima ulikuwa mweusi na harufu ilifika mlangoni. Daktari bingwa tuliyekuwa naye alikuwa mtu mwema, mwenye wagonjwa wengi na muda mchache. Alimwambia: "Mzee, itabidi tukate. Umekubali?" Mzee akajibu, "Nimekubali, daktari." Fomu ya ridhaa ikaletwa, akaweka dole gumba.

Mchana nilipokuwa nambadilishia bandeji, akaniuliza swali lile. Sikumjibu moja kwa moja. Nilimwuliza na mimi: "Babu, wewe umesikia amesema nini?"

Akaniambia kwa utulivu kabisa: "Amesema watakata. Watakata hiyo nyama iliyooza, kidonda kipate kupona."

Kukata! Kwa daktari, kukata ni kuondoa mguu chini ya goti. Kwa mzee, kukata ni kusafisha kidonda. Ni neno moja la Kiswahili, lugha ambayo wote wawili wamekua nayo, wala hakukuwa na mkalimani wa kulaumiwa. Sasa nawauliza, wasikilizaji wangu: mzee yule alikuwa ametoa ridhaa? Dole gumba lake lilikuwa kwenye karatasi, wino haujakauka. Lakini alikuwa amekubali nini?

Nilimfuata daktari ofisini kwake. Nikamwambia, "Daktari, mzee wa kitanda namba sita hajaelewa. Anadhani ni kidonda tu." Kwanza alikunja uso, maana orodha ya upasuaji wa kesho yake ilikuwa imeshabandikwa. Kisha akanyamaza, akachukua faili, tukarudi wote wodini. Akavuta stuli, akakaa, macho yake yakawa usawa mmoja na ya mzee. Akamweleza upya. Akaweka kiganja chake pale hasa mguu utakapoishia. Mzee alilia. Akauliza kama hakuna njia nyingine. Daktari akamwambia ukweli, kwamba sumu ya kidonda ikishasambaa mwilini itachukua uhai wote, si mguu peke yake. Mzee akaomba siku mbili mdogo wake afike.

Usiku wa siku ya kwanza aliniita tena. Alikuwa na swali ambalo hakuweza kumwuliza daktari. "Mwanangu," akasema, "huo mguu mtautupa wapi?" Alitaka uzikwe nyumbani, kando ya marehemu mkewe, pale ambapo na yeye atazikwa. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi kuliko kisu. Asubuhi nililifikisha kwa daktari na kwa matroni, tukapanga, na baada ya upasuaji mdogo wake alikabidhiwa mguu, akasafiri nao.

Nataka mlitazame hili vizuri. Mguu ulikatwa vilevile. Daktari alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi sikubishana naye hata kidogo juu ya tiba. Lakini mara ya kwanza mguu ulikuwa unakwenda kukatwa na daktari. Mara ya pili mzee mwenyewe aliamua kuuacha, akajua unakwenda wapi, akaaga. Tusingerudi kumweleza, mzee angeamka kutoka kwenye usingizi wa dawa na kukuta shuka limelala bapa pale ulipokuwa mguu. Mimi nimewahi kumwona mtu akiamka namna hiyo. Sitaki kuona tena.

Watu wakisikia kwamba muuguzi ni mtetezi wa mgonjwa, wanafikiri ni mtu wa kugombana na madaktari. Sivyo. Kutetea, mara nyingi kabisa, ni kubeba maneno: kuyapeleka ya mgonjwa kwa daktari bila kuyapunguza, na kuyarudisha ya daktari kwa mgonjwa bila kuyapamba. Wala muuguzi haamui kwa niaba ya mgonjwa. Nami nilikuwa na maoni yangu kuhusu ule mguu. Nilijua ningefanya nini kama angekuwa baba yangu. Lakini haukuwa mguu wangu, na mzee hakuniuliza maoni yangu. Aliniuliza amesema nini.

Majirani zetu wa Kenya wameligusa hili katika Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017. Inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuelewa. Nalipenda sharti hilo la pili. Kuielewa lugha ni jambo moja na kuelewa ulichoambiwa ni jambo jingine, na yule mzee wa mpunga ni shahidi wangu.

Tuendelee. Kwa nini mgonjwa anamwuliza muuguzi na si daktari? Kwanza ni heshima. Sisi tumelelewa hivyo: mkubwa akisema, unaitikia. Daktari amesimama, wewe umelala, amezungukwa na watu sita. Utaanzaje kusema hujaelewa? Lakini pia ni muda. Daktari anakuona dakika chache, muuguzi yuko nawe zamu nzima. Anakuogesha, anakupa sindano, anakushika mkono kukupeleka msalani. Mtu aliyekusaidia msalani, huna tena cha kumficha. Ndiyo maana mambo yanayoweza kubadilisha tiba nzima yanasemwa kwetu: kwamba kuna dawa ya mizizi inanywewa pembeni, kwamba hela ya vidonge ilikwisha wiki iliyopita, kwamba mume hajaambiwa.

Nitoe mfano mdogo. Mama mmoja aliandikiwa insulini aende nayo nyumbani, akaambiwa aitunze kwenye friji. Akajibu, "Sawa, daktari." Wakati namfungia mizigo yake nikamwuliza kijijini kwao umeme upo. Haukuwepo. Friji ile angeitoa wapi? Tulirudi kwa daktari pamoja, tukakubaliana, tukamfundisha kutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowana, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, dawa inabaki kwenye ubaridi. Na mahali pakavu penye upepo, inasaidia kweli. Je, kuuliza habari za umeme ni matibabu? Mimi nasema ni matibabu. Dawa iliyoharibika kwa joto haitibu.

Sasa niwasimulie usiku ambao sikusema vya kutosha. Nimefikiri sana kama niyaseme haya redioni. Nayasema.

Ilikuwa miaka ya 90, leba, zamu ya usiku. Binti wa uzazi wa kwanza. Wakati ule tayari tulikuwa na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Ina mistari miwili iliyolala mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili, saa nne mbele yake, ni wa kuchukua hatua. Njia ya uzazi ikichelewa kufunguka, alama zako zinausogelea mstari, zinaugusa, zinauvuka, na mtu yeyote anayejua kusoma chati anaona. Kwenye saa nane usiku alama zangu zilivuka mstari wa pili. Nikaandika kwenye daftari la kumwita daktari, mlinzi akalipeleka nyumbani kwake. Daftari likarudi na mstari mmoja wa maandishi: aangaliwe hadi asubuhi.

Nikamwangalia hadi asubuhi. Nilimpima mapigo, nilimsikiliza mtoto, nilimfuta jasho, nilimpa moyo. Niliandika kila kitu kwenye faili kwa mwandiko mzuri. Alfajiri mtoto alizaliwa, hakulia. Tulijaribu kila tulichokijua. Hakulia.

Faili langu lilikuwa safi. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu nilikuwa nimemwita daktari. Lakini nilituma daftari mara moja. Ningeweza kulituma tena. Msimamizi wa zamu alikuwa jengo la pili, ningeweza kumwamsha. Daktari mwingine aliishi ng'ambo ya barabara. Chuoni tulifundishwa maadili ya kazi yetu, yale ambayo Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliyapitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kuyafanyia marekebisho mara kadhaa tangu hapo, na msingi wake ni kwamba wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa mtu anayehitaji huduma. Ni kwake yeye, kabla ya mkubwa wa kazi na kabla ya faili. Nililijua hilo kwa moyo, na nilifaulu mtihani wake.

Kwa nini basi nilinyamaza? Niliogopa sentensi moja. Kila muuguzi anayenisikiliza anaijua: "Unajifanya daktari?" Sentensi hiyo imefunga midomo mingi katika nchi hii. Binti yule leo ni mwanamke wa makamo. Sijui alipo. Kama unanisikia, mama, mtoto wako nilimwona, na sijamsahau.

Wasikilizaji, msidhani ukimya huu ni wa kwetu tu, wa nchi zenye madaktari wachache. Nchini Uingereza, Machi 2005, mwanamke wa miaka 37 aitwaye Elaine Bromiley alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida wa puani. Baada ya kupewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ilizibika. Madaktari wenye uzoefu mkubwa walijaribu tena na tena kuingiza mpira wa kupitishia hewa kooni. Dakika zikapita. Muuguzi mmoja akaleta vifaa vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Mwingine akapiga simu chumba cha wagonjwa mahututi kuomba kitanda, aliporudi na kuwaambia madaktari, aliona kwenye nyuso zao kama kwamba anatia chumvi. Akaenda kufuta ombi la kitanda. Elaine alifariki siku 13 baadaye. Uchunguzi ulipofanyika, ikajulikana kuwa kulikuwa na wauguzi waliojua kinachohitajika, ila hawakujua walisemeje ili wasikike.

Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Hakutaka watu waadhibiwe, alitaka watu wajifunze. Katika kazi yake, rubani msaidizi anafundishwa namna ya kumpinga nahodha, na nahodha anafundishwa namna ya kupingwa. Akauliza: kwa nini hospitali hawafundishwi?

Na hapa nina habari ya kuwafurahisha, tena ya nyumbani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilianza kujaribu karatasi moja, orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji. Walichagua hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, moja Toronto, moja New Delhi, na moja ilikuwa kwetu Tanzania, Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Francis. Karatasi yenyewe ni fupi. Inawasimamisha watu mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Huyu ni nani? Anafanyiwa nini, upande gani? Amekubali? Kisha kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, na daktari wa upasuaji, mtu wa usingizi na muuguzi, kila mmoja anaulizwa ana wasiwasi gani.

Mmesikia? Muuguzi anaulizwa. Zamu yake ya kusema imechapishwa kwenye karatasi, na mara nyingi anayeisoma karatasi yenyewe ni yeye. Hahitaji tena ujasiri wa simba ili afungue mdomo. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kabla ya karatasi, wagonjwa 11 katika kila 100 walipata madhara makubwa; baada yake, 7. Vifo vilipungua karibu kwa nusu.

Sisi tulikuwa na sababu ya kuipokea karatasi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka huohuo wa 2007, jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili ambao majina yao ya kwanza yalifanana walibadilishwa. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Wengi wenu mnakumbuka nchi ilivyoshtuka. Sitaki kunyooshea mtu kidole usiku huu. Nasema tu kwamba kati ya kitanda cha wodini na meza ya thieta mgonjwa anapita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao anaweza kusimama na kumwuliza: jina lako kamili nani, unakwenda kufanyiwa nini?

Karatasi peke yake haitoshi, hilo nalo niliseme. Nimeingia thieta ambamo alama za vema ziliwekwa zote kwa pamoja, mgonjwa ameshatoka. Karatasi inafanya kazi pale ambapo daktari bingwa akisikia "nina wasiwasi" anaweka kisu chini.

Sasa najua kuna mtu ananisikiliza na moyo wake unachemka. Anasema: muuguzi gani huyo unayemsifu? Mimi nilitukanwa leba. Mama yangu aliita usiku kucha, hakuna aliyekuja. Ndugu yangu, nakusikia, na unasema kweli. Wapo wenzetu wenye lugha ya kuumiza. Nimefanya kazi nao, na mara nyingine niliwanyamazia pia. Nimewahi kubaki peke yangu usiku na wagonjwa zaidi ya 40; uchovu ule naujua, mwili unakuwa kama si wako. Lakini uchovu unaeleza kuchelewa kufika kitandani. Hauelezi tusi. Mgonjwa aliyetukanwa asubuhi hatakuuliza mchana amesema nini. Atanyamaza, ataweka dole gumba, atakwenda thieta akidhani wanasafisha kidonda. Anayemtukana mgonjwa ameifunga njia pekee ambayo maneno ya mgonjwa huyo yangepitia.

Muda unanipungukia. Wewe unayekwenda hospitali kesho, au unayempeleka mzazi, nikuombe machache. Muulize muuguzi jina lake, ulikumbuke. Daktari akishasema, rudia wewe kwa maneno yako ulivyoelewa, mbele yake, hata kama msafara unataka kusonga. Hujaelewa? Sema hujaelewa, si utovu wa adabu. Unaweza kuomba muuguzi akae pembeni yako wakati unaelezwa. Na ukishaweka sahihi, bado mwili ni wako: kabla ya kuingia thieta unaweza kusema umebadili mawazo, au unaomba kuelezwa tena. Kwa madaktari wetu nina ombi moja tu. Mkitoka kitandani, mgeukieni muuguzi mumwulize, mgonjwa amekuambia nini?

Niwaage kwa kisa cha mwisho, ni kifupi.

Mwaka jana nililazwa mimi. Presha ilipanda. Raundi ikaja asubuhi, daktari kijana, mpole, mwenye heshima. Akazungumza na wenzake, akanigeukia, akasema maneno fulani kuhusu moyo na dawa mpya. Na mimi, muuguzi wa miaka 34, nikajibu, "Sawa, daktari."

Msafara ukasogea. Baada ya kama nusu saa akarudi muuguzi mmoja, binti mdogo, sidhani kama alikuwa na miaka miwili kazini. "Shikamoo mama," akasema. "Daktari amesema nini? Wewe umesikiaje?"

Nilifungua mdomo nimjibu, sikupata la kusema. Akavuta stuli, akakaa.